Mwenye Boti Aliyekataa Kutumwa Maji

Igowole, wilayani Mufindi, watu wanapanda miti kama wengine wanavyofuga ng'ombe. Rozalia Kihwele naye alikuwa na shamba lake la misonobari, ekari mbili alizozipanda kwa mikono yake mwaka aliomzaa binti yake, Blessing. Miti ikakua, binti akakua. Blessing alipopata meza yake ya kuuza vyungu Iringa mjini, Rozalia akaita wapasua mbao, shamba likalala chini ndani ya wiki moja. Jirani zake wakasubiri kuona nyumba ya bati jekundu. Rozalia akanunua boti.

Mumewe, Philbert, fundi wa zamu kiwandani Mgololo, alizipata habari kwa simu.

"Umenunua nini?"

"Boti. Ya mbao, ina injini ya dizeli. Iko Lyulilo."

"Rozalia, wewe ni Mhehe wa milimani. Hata kuogelea hujui."

"Na wewe umepanda basi miaka thelathini, kuendesha unajua?"

Philbert akakata simu. Walikaa siku nne hawasemeshani, na siku ya tano Philbert akapiga kuuliza kama hiyo boti inavuja.

Haikuwa wazimu. Kwa miaka tisa Rozalia alikuwa ananunua vyungu Ikombe, kijiji cha wafinyanzi wa Kikisi kilichobanwa kati ya Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone. Gari haifiki huko. Kuna njia ya miguu juu ya mawe, na kuna maji. Vyungu vinavushwa kwa boti hadi Lyulilo, jirani na Matema, halafu vinapanda lori kwenda Tukuyu, Mbeya, mpaka Iringa. Mwenye boti ndiye aliyekuwa anaamua vyungu vya nani viende na vya nani vibaki ufukweni vikinyeshewa. Siku moja walimpakilia mifuko ya saruji juu ya vyungu vyake. Alipofika Lyulilo alipokea vigae. Mwenye boti akamwambia, "Pole mama, safari ina mambo." Rozalia aliviangalia vile vigae, akasema moyoni: sitaambiwa pole ya namna hii tena. Ndipo alipoikumbuka misonobari.

Boti aliipata kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Pamoja na boti akarithi watu wawili. Wa kwanza ni mzee Ezekia, nahodha, mtu wa maneno machache aliyelijua ziwa kama ua wa nyumbani kwake. Wa pili ni Vitus, fundi wa injini, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye ovaroli ya bluu na miwani ya jua.

Injini yenyewe ilikuwa ya silinda moja, imefungwa katikati ya boti, na juu yake kuna tangi la maji lililokuwa likichemka na kutoa mvuke kama sufuria. Inawashwa kwa kuzungushwa hendeli. Mwanzoni Rozalia aliipenda kwa mlio wake. Halafu ikaanza kuzima. Ikizima, Vitus anaguna, anavua miwani, anachukua ndoo na kumpa Rozalia.

"Mama Blessing, naomba uniletee maji ya kuweka kwenye injini. Ya bomba lakini. Hii injini haipendi maji ya ziwa."

Rozalia anapandisha hadi bombani, anapanga foleni, anarudi na ndoo kichwani. Akifika, injini inanguruma, na Vitus anafuta mikono kwa kitambaa.

"Ilikuwa na nini?"

"Ufundi, mama. Ukianza kueleza hatumalizi leo."

Ikawa hivyo wiki ya kwanza, ya pili, mpaka mwezi wa tatu. Kila injini inapozima, ndoo. Na kila Vitus alipokosana naye kidogo, kwa mfano akichelewa na kuulizwa, kesho yake injini ilikuwa haiwaki kabisa mpaka abembelezwe. Rozalia alianza kugundua kwamba amenunua boti lakini mwenye boti ni mwingine.

Jumamosi moja ya gulio, boti ikiwa imefungwa Lyulilo na abiria wanasubiri, injini ikagoma. Vitus akanyoosha mkono wenye ndoo.

Rozalia hakuipokea. Alikunja kitenge chake, akaketi juu ya ubao mkabala na injini, magoti yakigusana na gurudumu zito la pembeni ya injini.

"Maji ninayo," akasema. "Nilichota asubuhi, madumu mawili, ya bomba. Hayo hapo nyuma yako. Fanya kazi, baba. Mimi naangalia."

Vitus alicheka kwanza. Hakuna aliyecheka naye. "Mimi sifanyi kazi huku nachunguliwa kama mwizi."

"Mwizi ndiye anayeogopa kuangaliwa."

Abiria wakasema "Ooh!" Vitus akaweka spana kwenye mfuko wake moja moja, bila haraka. Akaruka mchangani. "Injini ni yako, mama. Ujuzi ni wangu. Tuone kipi kitafika Ikombe."

Abiria walishuka mmoja mmoja, wakaenda kutafuta boti nyingine. Mzee Ezekia pekee ndiye aliyebaki, amekaa nyuma kwenye usukani, anatafuna muwa.

Jumatatu Rozalia akawatafuta mafundi wengine wa mwalo ule, pale boti zinapofungwa. Mmoja alikuwa na msiba, mwingine mgongo unamuuma, wa tatu alisema wazi kwamba Vitus ni ndugu yao. Mwenyekiti wa mwalo, Bartholomeo, mzee wa kanisa mwenye sauti ya upole, akamwita ofisini.

"Mama, boti isiyo na fundi haipakii abiria. Ni sheria yetu ya mwalo."

"Imeandikwa wapi, mwenyekiti?"

"Hapa," akasema Bartholomeo, akigusa daftari. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeshauri: "Muombe msamaha Vitus. Kijana hana shida. Neno 'mwizi' ndilo lililomuumiza."

"Sitamuomba."

"Basi uza boti."

"Sitaiuza."

Mwenyekiti akafunga daftari. Rozalia akatoka nje, jua linamchoma. Hakulia pale. Alilia baadaye kidogo, nyuma ya choo cha gulio, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Akajifuta uso, na asubuhi akapanda gari kwenda nyumbani kujipanga upya.

Basi lilipokuwa linakata tambarare za Usangu, abiria wengi wamesinzia, Rozalia alisikia mlio anaoujua. Akageuka dirishani. Kwenye barabara ya vumbi kando ya majaruba ya mpunga ilikuwa inapita pawatila, lile trekta dogo ambalo dereva wake analishika kwa mikono miwili kama toroli. Mbele yake kulikuwa na injini. Lile lile tangi linalotoa mvuke, lile lile gurudumu zito la pembeni. Ilikuwa injini ya boti yake, imetoka majini, inatembea shambani. Na aliyeishika alikuwa mwanamke.

"Kondakta, nishushe!"

"Mama, tiketi yako ni ya Mafinga."

"Nishushe, nimesema!"

Alikimbia na kibegi chake mpaka akaifikia ile pawatila jarubani. Mwanamke aliyekuwa anaiendesha alikuwa kwenye tope hadi magotini, gauni limekunjwa, kofia ya pama kichwani. Akazima injini kumsikiliza mgeni. Jina lake Regina Masanja. Wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka Maswa, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni.

Rozalia alimweleza yote: misonobari, vigae, ndoo, Vitus, mwenyekiti. Regina alisikiliza hadi mwisho, mkono umeegemea hendeli.

"Sasa dada, unataka nini kwangu?"

"Nifundishe hiyo injini."

"Hii ya shamba. Yako ya ziwani."

"Kuna tofauti?"

Regina akatabasamu mara ya kwanza. "Hakuna. Injini haijui imebeba nini." Kisha akauliza, "Kupandikiza mpunga unajua?"

"Sijui. Lakini kuinama najua."

Wakakubaliana hivyo. Rozalia alilala nyumbani kwa Regina siku kumi na moja. Asubuhi anapandikiza mpunga na akina mama wengine, mchana anafundishwa. Mume wa Regina, Magesa, alikuwa na mifugo mbali, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake na vifaranga.

Regina hakuwa na maneno mengi ya kufundisha. Hata yeye hakuwahi kukaa darasani. Mwaka mmoja wa mvua nzuri fundi alimwambia atakuja kesho, kesho ikawa wiki, na majirani wakamaliza kulima huku yeye anatazama mawingu. Siku ya nane akaifungua mwenyewe. "Mvua haimngoji fundi," alisema. Ndivyo alivyojua.

Kwanza alimfundisha kuwasha. Rozalia aliikamata hendeli kwa nguvu zote za Mufindi, akasukuma, ikamrudisha nyuma nusura imvunje kiwiko. Regina akamwonyesha kikono kidogo juu ya injini. "Bonyeza hapa kwanza, uachie pumzi yake. Sasa zungusha. Ni nyepesi, siyo? Zungusha mpaka gurudumu lishike mwendo. Haya, achia kikono!" Injini ikakohoa, ikaunguruma. Rozalia akabaki ameduwaa. Miezi yote ile Vitus alikuwa anatunisha misuli mbele ya watu, kumbe kazi kubwa ilikuwa inafanywa na kidole gumba.

Baada ya hapo Regina akaanzisha mtindo wake. Kila mchana alikuwa anaiharibu injini kwa siri, halafu anamwita Rozalia. "Imezima. Tafuta." Mara amelegeza nati. Mara ameziba chujio la hewa kwa tambara. Mara amepunguza oili, na Rozalia asipochomoa kile kijiti cha kupimia kabla ya kugusa kitu kingine, anapigwa kofi la mkono. "Oili kwanza! Utaua injini, dada!"

Siku ya sita Regina aliingiza hewa kwenye bomba la dizeli. Injini ikawaka, ikapwita mara tatu, ikazima, sawasawa na vile ilivyokuwa inazima Lyulilo. Rozalia akasimama wima.

"Ni hii! Huu ndio ugonjwa wa boti yangu!"

"Hewa," akasema Regina. "Dizeli ikichanganyika na hewa, injini haili. Legeza nati hii hapa kwenye pampu. Acha itoke. Unaona mapovu? Ngoja. Ngoja kwanza. Yameisha? Kaza. Sasa legeza ile ya juu, zungusha hendeli mpaka dizeli iruke. Toa uso wako hapo, usijipasue! Kaza. Washa."

Ikawaka. Kazi yote haikuchukua hata robo saa. Rozalia akakaa kwenye tuta la jaruba akiwa na spana mkononi.

"Ni hiki tu?" akauliza. "Miezi mitatu nimebeba ndoo kwa sababu ya hiki tu?"

"Siyo hiki tu," Regina akamjibu. "Jiulize hewa ilikuwa inaingilia wapi. Hewa haizaliwi ndani ya bomba."

Siku hiyo hiyo Philbert akapiga simu.

"Blessing anasema hujafika. Uko wapi?"

"Mbarali, huku Usangu. Niko kwenye matope, najifunza injini."

"Rozalia, kila kazi ina mwenyewe. Hata hapa kiwandani anayeshika spana ni fundi, bosi anakaa ofisini."

"Na bosi wako siku mashine ikigoma anafanya nini?"

Philbert alifikiri. "Anatusubiri sisi."

"Haya. Mimi sitaki kusubiri." Kabla hajakata, Philbert akauliza ukubwa wa nati za pampu. Wiki ile akatuma kwa basi seti ya spana zake mwenyewe, zimefungwa kwenye gazeti, bila barua yoyote.

Rozalia alirudi Lyulilo na hizo spana. Kwa siku mbili aliifungua injini ya boti yake mchana kweupe, Ezekia akimshikia vifaa. Chujio la dizeli lilipotoka lilikuwa jeusi, limeganda kama uji wa jana. Kisha akafuata bomba la dizeli kwa vidole, sentimita kwa sentimita, mpaka chini ya ubao ambako jicho halifiki. Pale lilikuwa na ufa, umefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Mpira wenyewe ulishapauka. Mtu alikuwa amekiona kidonda akakifunika, na kila wiki akawa analipwa kumpangusa mgonjwa jasho.

Aliweka bomba jipya na chujio jipya, akamwaga oili yote nyeusi, akaweka safi. Hakufanikiwa katika kila kitu. Boliti moja aliikaza kwa hasira mpaka ikakatika kichwa, na kuitoa ile iliyobaki ndani kulimla siku nzima. Vitus alipita, akasimama kuangalia.

"Umekata boliti, mama."

"Nimekata. Na huu ufa chini ya ubao nimeuona."

Vitus alivua miwani, na bila miwani alionekana mdogo kuliko umri wake. "Kila mwenye boti akijua kama wewe," akasema taratibu, "mimi na watoto wangu tutakula nini?"

"Mtakula kazi. Ujinga wangu siyo shamba lako, Vitus."

Alivaa miwani yake, akaondoka.

Jumamosi Rozalia na Ezekia walikwenda Ikombe na boti tupu. Tupu, kwa sababu mwenyekiti alikataza abiria, na Rozalia hakutaka kumpa sababu nyepesi. Lakini Ikombe walikuta wafinyanzi wamepanga vyungu ufukweni. Boti nyingine zilikuwa zimewaruka Jumamosi mbili, zilikuwa na mizigo ya harusi. Lea, mama mmoja wa makamo mwenye mikono iliyokauka kwa udongo, akaweka mguu ndani ya maji.

"Vyungu vyangu haviendi bila mimi," akasema. "Mara ya mwisho vilirudi vipande."

"Nimekatazwa kubeba watu, mama Lea."

"Amekukataza nani? Aje afinyange yeye."

Wakapanda wanawake saba na vyungu vyao, vimelala kwenye majani makavu. Ezekia akageuza boti. Ziwa lilikuwa na mawimbi mafupi ya upepo wa kusini, si ya kutisha, lakini ya kumkumbusha mtu kwamba chini hakuna sakafu. Katikati ya safari, injini ikaanza kupwita. Ikazima.

Boti ikaanza kuyumba ubavu. Mwanamke mmoja akaanza wimbo wa kanisani, wengine wakamfuata. Rozalia akachomoa kijiti cha kupimia. Oili kwanza: ipo. Maji: yapo, yanachemka. Akalegeza nati ya pampu, akangoja dizeli. Ikatoka matone mawili, ikakatika. Hapakuwa na mapovu, hapakuwa na dizeli. Akagonga tangi: limejaa zaidi ya nusu. Bomba jipya, chujio jipya. Ugonjwa huu Regina hakuwahi kuuweka.

"Mama, tupige kasia?" akauliza Ezekia.

"Ngoja kidogo, baba."

Akaliangalia tangi. Tangi limejaa, na halitoi. Ni wapi aliwahi kuona kitu kimejaa na hakitoi? Kwenye dumu la mafuta ya kupikia, ukilitoboa tundu moja tu. Mafuta yanagoma mpaka utoboe la pili upande wa juu, hewa ipate pa kuingilia. Akainua macho kwenye kifuniko. Asubuhi ile, kwa kuogopa maji ya mawimbi yasiingie, yeye mwenyewe alikuwa amefunika tangi kwa nailoni kabla ya kufunga kifuniko, akafunga na kamba, akajisifu.

Alikata kamba, akafungua. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua. Dizeli ikaanza kumwagika pale alipolegeza nati. Akangoja mapovu yaishe, akakaza, akatoa hewa ya juu, dizeli ikamrukia kwenye kitenge. Akabonyeza kikono, akazungusha. Mara ya kwanza ikakataa. Mara ya pili mkono wake ukagusa tangi la maji na kubabuka. Mara ya tatu ikashika.

Wimbo ukageuka vigelegele. Lea akapaza sauti juu ya mlio: "Ilikuwa na nini?"

Rozalia angeweza kusema ufundi. "Kosa langu!" akajibu kwa sauti vilevile. "Nililiziba tangi na nailoni, likakosa hewa! Sitarudia!" Akawaonyesha ile nailoni, wakaipitisha mkono kwa mkono.

Lyulilo, Bartholomeo alikuwa amesimama ufukweni na daftari lake. Aliwahesabu wanawake wakishuka.

"Saba. Na nilikukataza. Fundi wako yuko wapi?"

Rozalia alikuwa amefunga mkono wake kwa kitambaa chenye maji. Hakushusha macho. "Andika, mwenyekiti. Abiria saba. Fundi, Rozalia Kihwele."

"Cheti chako?"

"Cha Vitus uliwahi kukiona?"

Bartholomeo akaandika, kwa sababu ndiyo kazi aliyoijua. Boti ilifungiwa kupakia abiria kwa wiki mbili. Rozalia alizitumia zote mbili kuvusha vyungu bila watu, na wanawake wa Ikombe wakapanda njia ya mawe kwa miguu, wakaja hadi mlangoni kwa mwenyekiti na kukaa kwenye kivuli chake bila kusema neno, Jumamosi zote mbili. Kifungo kilipoisha hakikurudishwa. Sheria ya fundi bado ipo daftarini, hakuna aliyeifuta na hakuna anayeisoma.

Baada ya mavuno, injini ikaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Rozalia alimpigia Regina, Regina akamwambia hizo ni ringi za pistoni, pete za ndani kabisa ya injini zinazozuia oili isiungue, na yeye hajawahi kuzigusa. Rozalia alifikiri usiku kucha. Asubuhi akaenda mwenyewe kwa Vitus, akamkuta anakunywa chai.

"Nina kazi. Ringi. Sizijui."

Vitus akaweka kikombe chini. Macho yake yalikuwa na ushindi kidogo.

"Lakini nitakaa hapohapo," Rozalia akaendelea. "Kila unachofungua utanieleza. Na mama Lea atakuwepo, naye anataka kujua. Ukikataa, nitapanda basi kwenda kutafuta mwingine, hata Songea."

"Wewe mama una kiburi."

"Ninacho. Unakuja au huji?"

Vitus aliimaliza chai yake polepole, mpaka majani ya chini. Halafu akaingia ndani, akatoka na mfuko wake wa spana.